Waya Huvuta, Hausukumi

Pale njia panda ya Rodi Kopany, ambapo barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay inaachana na ile ya Ndhiwa na Karungu, mawe yana kazi. Probox ikifika kushusha na kupakia, makanga huruka kabla haijatulia, akaokota jiwe na kulikaza nyuma ya gurudumu. Gari likijaa, jiwe hupigwa teke kando, likasubiri gari lingine. Abiria hawashangai. Watoto wa shule wanaopita hapo kila asubuhi wamekua wakidhani jiwe ni sehemu ya gari.

Gari hilo lina breki ya mkono. Lilitoka nayo kiwandani. Mkono wake uko kati ya viti viwili vya mbele, na chini ya sakafu mna kebo zinazofika hadi kwenye magurudumu ya nyuma. Kebo hizo zimeganda kwa kutu, na kwa kuwa zimeganda, maisha ya watu tisa waliobanana mle ndani yanashikiliwa na jiwe lililookotwa mtaroni.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya jibu nililopewa na fundi kijana, hatua chache kutoka kwenye mawe hayo. Nilimpelekea pikipiki yangu kuukuu ambayo klachi yake ilikuwa imeanza kuwa ngumu, nikamwomba aitie kebo oili. Alinitazama kwa heshima, akaniita mzee kwa Kijaluo, akanijibu: “Jaduong’, kebo haipakwi oili. Kebo inabadilishwa.” Vijana wa boda waliokuwa kwenye benchi walitikisa vichwa kukubali. Neno hilohilo nimelisikia Rongo, nikalisikia Awendo, na nimelisikia kwa watu wenye magari yao wenyewe na vyeti vyao ukutani. Limekuwa kama sheria. Mimi nasema ni kosa, na kosa hili linatugharimu fedha, viungo na damu.

Wanachosema

Wenye msimamo huu wana hoja nne, na ni haki zisikike kama wanavyozisema wenyewe.

Ya kwanza ni bei na muda. Kebo ya klachi ya pikipiki ni shilingi mia mbili hivi, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Kuifungua, kuisafisha, kuitia oili na kuirudisha kunakula saa nzima au zaidi, na kijana wa boda ana hesabu ya mwenye pikipiki ya kupeleka jioni. Ya pili ni vumbi: oili hushika vumbi, na vumbi tunalo la kutosha. Ya tatu ni kwamba kebo za kisasa zina bomba la nailoni ndani, kwa hiyo hazidai oili. Ya nne husemwa pale kebo inapoanza kulia: mimina oili chafu iliyotoka kwenye injini, itanyamaza.

Kila hoja ina chembe ya ukweli ndani yake. Ndiyo sababu zimedumu, na ndiyo sababu zinahitaji kujibiwa moja baada ya nyingine. Lakini kwanza tukumbushane kebo ni kitu gani.

Tabia ya waya

Kebo ya namna hii ilipewa hataza mwaka 1896 kwa jina la Ernest Monnington Bowden, mwaka uleule reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa kuja huku kwetu ziwani. Haijabadilika sana tangu siku hiyo. Waya uliosokotwa kwa nyuzi za chuma unapita ndani ya ganda la chuma lililozungushwa kama springi, kisha ganda likavikwa plastiki. Ganda linatulia, waya unatembea. Ukivuta huku, kitu kinasogea kule.

Ila waya una tabia moja ambayo mabishano yote ya benchi la fundi yanaisahau: waya huvuta, hausukumi. Ukiachia, hauwezi kujirudisha. Unarudishwa na springi iliyo upande wa pili: ya klachi ndani ya injini, ya kabureta, au ile iliyo ndani ya dramu ya breki. Kebo ikiwa nzito, mkono wako unaongeza nguvu bila hata wewe kujua. Springi haiwezi kuongeza chochote. Ina nguvu ileile iliyopewa kiwandani, na kadiri miaka inavyokwenda inapungua.

Mabaharia wa majahazi walilijua jambo hili kwa mikono yao kabla wahandisi hawajaliandikia kanuni: kamba ikizungushwa kwenye nguzo, kila mzunguko unazidisha mshiko. Kebo nayo ni kamba inayopita kwenye kona. Chukua kebo ya klachi ambayo kona zake zote, kutoka usukani hadi kwenye injini, zikijumlishwa zinafika nusu duara. Ikiwa imelainishwa vizuri, kipimo cha msuguano kikiwa 0.1, kuvuta kilo 10 upande wa injini kunadai kilo 13.7 upande wa mkono. Ikikauka na kushika kutu, kipimo kikapanda hadi 0.3, kilo hizohizo 10 zinadai kilo 25.7. Mzigo umekaribia kuwa mara mbili.

Sasa geuza hesabu, uangalie safari ya kurudi. Springi ikivuta kwa kilo 10, kebo iliyolainishwa inafikisha kilo 7.3 kwenye mkono wa klachi. Kebo kavu inafikisha kilo 3.9 tu. Kwa hiyo mtu anayesema “bado inavuta” amepima upande ambao mkono wake unaficha ugonjwa. Kebo ipimwe inaporudi.

Nililipia somo hili mwenyewe. Nilikuwa nikitokea upande wa Ndhiwa nikikaribia soko, nikafunga akselereta ili nipunguze mwendo, na pikipiki ikaendelea kukimbia. Mkono wangu ulikuwa umerudi. Waya ulikuwa umebaki ulipo. Mbele yangu kulikuwa na mama mwenye beseni la samaki kichwani na mtoto mgongoni. Nilizima injini kwa swichi, nikaingia mtaroni, na yule mama akavuka salama bila kujua alichoepushwa. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimemwuliza fundi kuhusu kebo ileile. Jibu lake lilikuwa: bado inavuta.

1. Shilingi mia mbili ni bei ya kuanzia

Wanaotaja bei ya kebo wanahesabu kitu kimoja na kuacha vingine vyote. Kebo kavu ya klachi isiporudi yote, sahani za klachi hazibanani sawasawa. Zinateleza. Zikiteleza zinaungua, na masizi yake yanaingia kwenye oili ya injini, kwa kuwa katika pikipiki nyingi za hapa klachi na injini vinakunywa oili moja. Pikipiki inapoteza nguvu mlimani, dereva anaongeza petroli ili ipande, na jioni anashangaa kwa nini faida imeliwa na tangi. Baada ya wiki chache anabadilisha sahani. Hakuna anayerudi nyuma kuuliza kebo.

Gharama hii inafichika kwa sababu imegawanywa mifukoni. Boda wengi hawamiliki pikipiki wanayoiendesha. Kiganja kinachokufa ganzi usiku kwa kuvuta klachi nzito mchana ni cha dereva. Sahani zinazoungua ni za mwenye pikipiki. Mauzo ya kebo mpya ni ya mwenye duka la spea, na ujira wa kuifunga ni wa fundi. Kila mmoja anaona kipande chake, na hakuna anayeuona mzigo mzima. Mwenye pikipiki anamlaumu dereva kwa kuunguza klachi, dereva anailaumu klachi kwa kuwa ya bei rahisi, na waya mkavu unaendelea na kazi yake.

Kuhusu muda, naiheshimu hofu ya kijana mwenye hesabu ya jioni. Lakini kebo haichagui kukatika wakati ameketi kivulini. Hukatika ikiwa inavutwa, na huvutwa akiwa kazini, mara nyingi na abiria mgongoni, kilomita nyingi kutoka kwa fundi. Saa anayoogopa kuitoa Jumapili mchana ataitoa Jumatatu asubuhi, akisukuma pikipiki kwenye jua huku mteja akipanda ya mwenzake.

2. Kebo mpya hurithi ugonjwa wa ile ya zamani

Chunguza kebo zilizokatika kwenye debe la fundi yeyote. Nyingi zimekatika mahali pamoja: karibu na kichwa, ile risasi ndogo inayokaa ndani ya mkono wa klachi au wa breki. Sababu yake inaonekana kwa macho. Kichwa kinapaswa kuzunguka ndani ya tundu lake kila unapovuta. Tundu likikauka, kichwa kinakwama, na waya unalazimika kujipinda palepale penye shingo. Uzi mmoja unakatika, halafu wa pili, halafu wa tatu. Kukatika kwa siku ile ni mwisho wa jambo lililoanza miezi mingi nyuma.

Fundi anayechomoa kebo iliyokatika na kuingiza mpya kwenye tundu lilelile kavu, akiipitisha kwenye kona ileile kali iliyobanwa na waya wa taa, amezika maiti bila kuuliza kilichoua. Mpya nayo itakufa hivyohivyo. Kisha watu wanaulaumu ubora wa spea za siku hizi, na wanajithibitishia kwamba kebo ni kitu cha kutupwa. Msimamo huu unazalisha ushahidi wake wenyewe: tunaziacha kavu, zinakatika upesi, tunasema hazifai kutunzwa kwa kuwa zinakatika upesi. Waliosema mdharau mwiba mguu huota tende waliona hili zamani.

3. Vumbi halingoji oili

Ni kweli kwamba grisi nzito iliyopakwa nje ya kebo hukusanya vumbi. Anayefanya hivyo anakosea, na namwunga mkono kila anayemkataza. Lakini kazi ya oili iko ndani ya ganda, na inayobaki nje hupanguswa kwa kitambaa.

Wanaotetea ukavu wanadhani kebo kavu ni kebo safi. Sivyo. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, maji yanateremka kwenye waya kutoka usukanini na kuingia ndani ya ganda. Hayatoki upesi. Kiangazi kinachofuata kinakuta chuma kimeota kutu, na unga wa kutu una makali: mafundi wa vito hutumia unga laini wa jamii hiyohiyo kung’arishia dhahabu, kwa kuwa unasugua. Waya unaotembea ndani ya kutu yake mwenyewe unajila kila unapovutwa. Oili inakaa mahali ambapo maji yangekaa. Ukiiondoa kwa kuogopa vumbi, umeyafungulia maji mlango, na vumbi bado litaingia pamoja nayo.

4. Nailoni haifiki kila mahali

Kebo zenye bomba la nailoni au Teflon ndani ni maendeleo ya kweli. Waya wake hausuguani na chuma, na grisi nzito inaweza kuukwamisha badala ya kuusaidia. Kitabu cha mtengenezaji kikisema kebo hiyo isitiwe kitu, tii kitabu.

Ila waulize wenye hoja hii kebo iliyo mkononi mwao ni ya aina gani, na wengi hawajui. Kebo ya dukani haina kitabu. Kwenye rafu moja zimening’inizwa zenye bomba na zisizo nalo, na kwa nje zinafanana. Tena hata bomba likiwepo, halifuniki ncha mbili. Kichwa cha kebo bado kinasuguana na chuma, na waya uliotokeza nje bado unanyeshewa. Zaidi ya hayo, wanaitumia hoja ya kebo mpya kuzihukumu kebo kuukuu. Kanuni za Kenya zinazuia kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, lakini likishaingia linaishi nasi miongo. Magari yanayopita Rodi Kopany ni makuukuu. Kuyatunza kana kwamba yametoka kiwandani jana ni kuyanyima matunzo.

5. Oili iliyomwagwa ilimwagwa kwa sababu

Hapa msimamo wao unajipinga waziwazi. Wanasema kebo haihitaji oili, na ikilia wanaimiminia oili. Na oili wanayochagua ni ile ambayo fundi ametoka kuitoa kwenye injini kwa kuwa imekwisha kazi. Ina masizi, ina chembe za chuma, ina asidi iliyotokana na kuungua kwa mafuta. Kama haifai tena kulinda vyuma vinene vya injini, itawezaje kulinda uzi wa chuma mwembamba kama unywele wa singa? Kelele inanyamaza kwa siku mbili, halafu uchafu ule unakauka na kuwa gundi.

Wengine wanamimina mafuta ya taa. Hayo yanaosha, hayalainishi. Yanafaa kuanzia kazi, yakitangulia kuondoa uchafu, lakini yakiachwa peke yake yanaondoka na ulainifu mdogo uliokuwa umebaki.

6. Jiwe ni shahidi

Turudi kwenye Probox. Muulize dereva kwa nini havuti breki ya mkono, naye atakwambia ukweli: akiivuta itakwama, magurudumu ya nyuma yatashikwa, na safari itaharibika. Muulize kwa nini inakwama, atakwambia ni kutu. Kutu imetoka wapi? Kebo haijasogea miezi, na vifuko vya mpira vinavyoziba ncha zake vimepasuka, matope yakaingia. Haivuti kwa kuwa inaganda, na inaganda kwa kuwa haivuti. Oili kwenye ncha, grisi kwenye maungio, vifuko vya mpira vipya, na kuivuta kila siku vingeukata mnyororo huu. Badala yake tumechagua jiwe.

Magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka chini ya mamlaka ya usalama barabarani, NTSA. Ukaguzi ni siku moja. Siku nyingine 364 gari liko mikononi mwetu, na siku hizo ndizo mama mjamzito anapanda nyuma, na mzee anashushwa mlangoni gari likiwa limeelekea bondeni. Makanga akichelewa sekunde tatu kulifikia jiwe, gari linarudi nyuma. Watu wanaosema kebo haifai kupotezewa muda waje wasimame nyuma ya gari hilo.

Kazi yenyewe

Nimeambiwa kwamba kulainisha kebo kunahitaji vifaa ambavyo fundi wa kando ya barabara hana. Si kweli. Baada ya jibu la yule kijana sikuondoka. Nilivuka barabara hadi kwa fundi cherehani, nikanunua kichupa cha oili ya cherehani, nyepesi na safi. Kwa agroveti nikanunua bomba la sindano. Nikamwomba kijana kipande cha tyubu ya baiskeli.

Tulichomoa kebo, tukaikagua kama ina uzi uliokatika, kwa maana iliyoanza kukatika hailainishwi, inabadilishwa, na hapo nilikubaliana naye kabisa. Ilikuwa nzima. Tulifunga kipande cha tyubu kwenye ncha ya juu kama kikombe, tukaining’iniza wima kwenye msumari wa kibanda chake, tukatia mafuta ya taa kidogo huku tukivuta waya juu na chini. Yalitoka meusi, kisha mekundu ya kutu. Yalipotoka maangavu tuliacha yakauke, tukatia oili kwa sindano, kidogo kidogo, tukaiacha usiku kucha.

Asubuhi oili ilikuwa imechuruzika hadi ncha ya chini. Tuliipangusa nje, tukatia grisi ya ukubwa wa punje ya mahindi kwenye tundu la kichwa, tukaipitisha njia yake bila kona kali, tukaacha nafasi ya milimita chache kwenye mkono wa klachi, kisha tukageuza usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho kuhakikisha hakuna panapobana. Tuliyotumia yote yalikuwa ya bei ndogo, na kichupa kilikuwa kimebaki na oili ya kebo nyingine nyingi.

Ninachowadai mafundi wetu ni hiki: kabla ya kusema nunua nyingine, chomoa, kagua, na kama ni nzima ilainishe. Wenye pikipiki, kubalini kupoteza saa moja ya hesabu kila msimu wa mvua unapokwisha. Mtairudisha kwenye sahani za klachi. Wenye Probox, fungueni chini ya gari kabla hamjaokota jiwe lingine. Na kila dereva, asubuhi kabla ya kuondoka, avute kisha aachie, aangalie kama inarudi yenyewe.

Yule kijana alikuwa wa kwanza kuijaribu. Alivuta mkono wa klachi kwa vidole viwili, akauachia, ukagonga mahali pake. Akavuta tena, akaachia. Mara ya tatu aliwageukia wenzake kwenye benchi.

“Inarudi,” akasema.